Filimbi Inalia, Kosa Liko Wapi? Utatuzi wa Matatizo ya Wanaoanza Mpira wa Kikapu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa michezo, manahodha wa timu za mitaa na vijana wa Tanga wanaoanza kucheza mpira wa kikapu. Wengi wao wamekulia katika soka, na wanauingia mchezo huu wakiwa na pumzi ya kutosha, kasi ya kutosha, na mazoea ambayo ndani ya uwanja wa kikapu yanageuka kuwa makosa. Umepangwa kwa dalili: msomaji aanze na kile anachokiona uwanjani, kisha afuate sababu kwa mpangilio uliowekwa, kwa kuwa sababu inayotokea mara nyingi zaidi imetangulizwa na ile ya nadra imewekwa nyuma. Jambo moja litajirudia tangu mwanzo hadi mwisho. Filimbi ya mwamuzi huonyesha mahali kosa lilipoonekana, si lazima mahali lilipoanzia. Anayepigiwa filimbi kwa kutembea na mpira mara nyingi aliharibikiwa kabla hajaupokea, na senta, yaani mchezaji wa karibu na ringi, anayeadhibiwa kwa kukaa chini yake huenda alikuwa anamsubiri mwenzake ambaye hakumtazama.

Sheria zinazotajwa humu ni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu lililoundwa mjini Geneva mwaka 1932, ambazo ndizo zinazofuatwa katika mashindano ya hapa Tanzania. Sheria za ligi ya NBA ya Marekani, ambazo vijana wengi wanazijua kwa kuziona kwenye televisheni, zinatofautiana nazo katika mambo kadhaa, na tofauti hizo zimewekwa karibu na mwisho.

Kwanza kagua uwanja na mpira

Fundi baiskeli wa Ngamiani hafungui mnyororo kabla hajabinya tairi, na mwalimu wa kikapu naye asianze kurekebisha mikono ya kijana kabla hajakagua vifaa. Viwanja vingi vya mjini Tanga viko wazi, vimesakafiwa kwa saruji, na hewa ya chumvi itokayo baharini hula chuma cha nguzo na ringi mwaka mzima. Ringi iliyoshikwa na kutu kwenye maungio hulegea, na vijana wakining'inia mara chache tu, ukingo wake wa mbele hushuka. Kimo sahihi kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa ringi ni mita 3.05, na kinapaswa kuwa kile kile mbele, nyuma na kando. Tepu ya seremala inatosha kwa kazi hii. Ukingo wa mbele ukiwa umeshuka, mchezaji huzoea kurusha mpira bapa, kwa sababu ringi yenyewe inamwelekea, na siku atakapocheza kwenye ringi iliyonyooka mpira huo huo utagonga chuma cha mbele na kumrudia.

Kagua pia mistari. Rangi hufifia upesi kwa jua na mvua, na pale ambapo eneo la sekunde tatu, yaani mstatili ulio chini ya ringi ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa muda mrefu, halionekani tena, hakuna haki ya kumlaumu anayekaa ndani yake. Chokaa ya maji na kamba iliyovutwa vizuri vinatosha kulichora upya: upana wake ni mita 4.9, na urefu wake kutoka mstari wa mwisho hadi mstari wa mtupo huru, yaani mrusho wa adhabu usiozuiwa na mtu, ni mita 5.8. Fagia mchanga kabla ya kila mazoezi. Mchanga mwembamba juu ya saruji humtelezesha mchezaji anayesimama ghafla, na mguu uliotakiwa kubaki pale pale husogea sentimita kadhaa bila yeye kukusudia.

Mpira nao una namba yake, nayo kwa kawaida imeandikwa juu yake. Namba 7 ni wa wanaume, namba 6 ni wa wanawake, na namba 5 ni wa watoto wadogo. Mtoto wa darasa la nne anayerusha mpira namba 7 atatumia kifua, mabega na mgongo ili ufike, na mtindo huo utamganda kwa miaka. Ili kupima upepo uliomo, nyoosha mkono, uachie mpira kutoka usawa wa kichwa cha mtu mzima bila kuusukuma. Ukirudi hadi kiunoni au juu yake kidogo unafaa, na ukiishia magotini ongeza upepo. Makosa mengi ya kudundisha yanayohesabiwa kuwa ni uzembe wa mchezaji huondoka siku hiyo hiyo pampu inapopatikana.

Dalili: filimbi ya kutembea na mpira hailali

Hili ndilo tatizo kubwa la wanaoanza, nalo linastahili subira. Kanuni yenyewe ni fupi: mchezaji aliyeshika mpira hana ruhusa ya kusogea nje ya mipaka ya hatua anazoruhusiwa, isipokuwa kwa kuudundisha. Ugumu uko katika kujua hatua ya kwanza inahesabiwa wakati gani na ni mguu upi unaopaswa kubaki chini. Mguu huo unaobaki chini, ambao mchezaji huuzungukia kama mhimili, wachezaji wetu huuita mguu wa pivoti.

Sababu ya kwanza, na ndiyo inayotokea zaidi, ni kuinua mguu wa pivoti kabla mpira haujatoka mkononi. Kijana anapokea pasi akiwa amesimama, miguu yote miwili iko chini, anamwona mlinzi amempa nafasi, naye anaondoka kwa kasi kama mkimbiaji: mguu unatangulia, mpira unafuata. Sheria inataka kinyume chake, yaani mpira uwe umekwisha kutoka mkononi ndipo mguu wa pivoti uinuke. Ili kuthibitisha kwamba hii ndiyo sababu, mtu mmoja asimame kando ya mstari, asiutazame mpira hata mara moja, atazame viatu tu. Mwingine atazame mpira na kusema "sasa" unapoachwa. Wakipatana kwamba mguu wa pivoti ulikuwa umeshaachana na sakafu kabla ya neno hilo, tatizo limepatikana. Tiba yake ni kuchora duara la mkaa sakafuni, kuweka mguu wa pivoti ndani yake, na kufanya mwanzo wa kudundisha polepole mpaka mkono uzoee kutangulia. Mwenye kutumia mkono wa kulia aanze kwa kupiga hatua kwa mguu usio wa pivoti, mpira ukiwa tayari unashuka.

Sababu ya pili ni kubadili mguu wa pivoti. Anayepokea mpira akiwa amesimama kwa miguu yote miwili anaweza kuchagua mguu wowote, lakini akishainua mmoja, ule uliobaki ndio mguu wa pivoti hadi mpira umtoke. Wanaoanza husogeza wa kulia, wakabanwa, wakasogeza wa kushoto. Hapo mwamuzi hana la kufanya ila kupuliza. Kosa hili kwa kawaida ni la woga, na woga huo unatokana na kubanwa mahali ambapo hakuna mwenzake aliyejitokeza kupokea, kwa hiyo mwalimu atazame pia wale wanne wasio na mpira.

Sababu ya tatu inahusu anayepokea mpira akiwa mbioni. Huyu anaruhusiwa hatua mbili ili asimame, atoe pasi au arushe, na mguu uliokuwa tayari umegusa sakafu wakati anaupata mpira hauhesabiwi. Hapa ndipo watazamaji hupiga kelele bila sababu, kwa kuwa wanahesabu hatua hiyo isiyohesabiwa na kudai mchezaji amepiga tatu. Lakini akitaka kuanza kudundisha baada ya kupokea pasi mbioni, mpira lazima utoke mkononi kabla ya hatua ya pili. Leyapu, yaani mrusho wa karibu unaofanywa kwa kuikimbilia ringi na kuruka, imejengwa juu ya hatua hizo mbili: wa mkono wa kulia hupiga hatua ya kulia, kisha ya kushoto, kisha huruka. Kijana akipigiwa filimbi kila anapofanya leyapu, mwambie aifanye kwanza bila mpira, akitamka "moja, mbili" kwa sauti, kisha apewe mpira mkononi pale pale anapoanza hatua ya kwanza. Kuanza na mpira unaodundishwa tangu katikati ya uwanja ni kumpa mwanafunzi mambo matatu kwa wakati mmoja.

Sababu ya nne ni pasi mbovu, na hii husahaulika. Pasi inayofika magotini au nyuma ya mpokeaji humlazimu ajikunje, akose mizani na aongeze hatua ya kujiokoa. Filimbi inamlilia aliyepokea, na kosa ni la aliyetoa. Pasi ya kifua ifike kati ya kiuno na mabega, na pasi ya kudunda igonge sakafu umbali wa takriban theluthi mbili kutoka kwa mtoaji, ili imfikie mwenzake usawa wa kiuno.

Ziko hali chache ambazo si kosa. Aliyeruka kutoka mguu wa pivoti ili arushe au atoe pasi hajakosea, mradi mpira umtoke kabla hajatua. Aliyeanguka na kuteleza sakafuni akiwa na mpira naye hajakosea, ila akibiringika au akijaribu kusimama nao, hapo ni kosa.

Dalili: anadundisha, anashika, anadundisha tena

Kudundisha hukoma pale mchezaji anapougusa mpira kwa mikono miwili kwa pamoja, au anapouacha utulie mkononi. Baada ya hapo anabakiwa na pasi au mrusho tu. Sababu ya kawaida ya kosa hili ni kwamba mchezaji anautazama mpira badala ya uwanja, kwa hiyo mlinzi anapomtokea anashtuka na kuukumbatia, kisha anagundua kwamba hakuwa na haja ya kuukumbatia. Mazoezi ya kudundisha huku akisoma vidole ambavyo mwalimu ananyoosha, na kutamka idadi yake, huondoa ugonjwa huu kuliko maonyo mia.

Sababu nyingine ni kuubeba mpira: kiganja kinaingia chini yake, unatulia kwa nukta, kisha unasukumwa tena. Vijana huiga hili kutoka kwenye televisheni. Mpe aliyeathirika dakika kadhaa za kudundisha chini ya usawa wa goti kwa ncha za vidole, na kiganja kitajiondoa chenyewe. Hata hivyo, mpira ukiguswa na mpinzani au ukimponyoka baada ya kugongwa, anaweza kuuokota na kuanza kudundisha upya, na mwamuzi wa mtaani anayepuliza hapo anakosea yeye.

Dalili: wachezaji wote wanaukimbilia mpira

Ukisimama kando ya uwanja na kuona wachezaji wanane wamejazana upande mmoja huku upande wa pili ukiwa mtupu, usiwaambie "tawanyikeni". Neno hilo halina maana kwa mtu ambaye hajui aende wapi. Tatizo ni kwamba timu haijagawana nafasi, na kwa maoni yangu robo tatu ya filimbi zinazopigwa kwa wanaoanza zinatokana na hili, hata pale zinapoonekana kuwa za hatua au za mikono. Asiye na nafasi ya kucheza hubanwa, na anayebanwa hukosea miguu.

Nafasi ni tano, na wachezaji wetu huziita kwa namba kuanzia moja hadi tano. Hapo hapo mkanganyiko wa kwanza hujitokeza. Kijana aliyezoea soka akiambiwa "cheza namba tano" huenda kusimama mbele ya ringi ya timu yake kama beki wa kati, naye hatoki hapo hadi mapumziko. Aelezwe mapema kwamba katika kikapu hakuna beki wala kipa: wote watano hushambulia, wote watano hulinda, na namba inaonyesha kazi na eneo wakati wa kushambulia. Isitoshe, namba ya nafasi haina uhusiano wowote na namba ya jezi. Zamani jezi katika mashindano ya FIBA zilianza na 4 na kuishia 15. Leo zinaruhusiwa 0, 00 na 1 hadi 99, na senta anaweza kuvaa namba yoyote kati ya hizo.

Namba moja, pointi gadi, ndiye anayepandisha mpira na kuamua shambulizi lianzie wapi. Kukosekana kwake hujulikana mara tu baada ya rebaundi, yaani kuudaka mpira uliorudi baada ya mrusho kukosa: watatu wanapiga kelele "nipe, nipe", mpira unatolewa kwa aliyepiga kelele zaidi, nao unapotea kabla ya mstari wa kati. Mteue mmoja, na wengine wawe na amri ya kumpa yeye kwanza. Si lazima awe mfupi, na si lazima awe ndiye mwenye mbwembwe nyingi. Awe yule anayeinua kichwa.

Namba mbili, shutingi gadi, ni mrushaji wa mbali anayekaa pembeni karibu na mstari wa pointi tatu, ulio umbali wa mita 6.75 kutoka ringini. Namba tatu hukaa upande wa pili, naye huchanganya kurusha na kukata kuelekea ringini. Wawili hawa wakiwa ndani ya uwanja lakini hawaonekani, yaani wameingia katikati kuomba mpira, walinzi wao nao wameingia pamoja nao, na senta amefungiwa. Ndiyo maana timu inayolalamika kwamba senta wake hafai inapaswa kwanza kutazama namba mbili na tatu wamesimama wapi.

Namba nne, pawa fowadi, hufanya kazi ya suluba: anaweka skrini, yaani anasimama imara katika njia ya mlinzi ili mwenzake apite, na anagombea rebaundi. Namba tano, senta, ndiye wa karibu na ringi.

Kuhusu senta kuna dosari moja katika shule zetu inayohitaji kusemwa. Mtoto mrefu akionekana tu, anatumwa chini ya ringi na haruhusiwi kudundisha mpira hata mazoezini. Mfano unaotolewa daima ni Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa takriban mita 2.21, ambaye mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA na kujiunga na Memphis Grizzlies. Mfano huo ni wa fahari, lakini mtoto aliye mrefu kuliko wenzake akiwa darasa la saba huenda akawa wa kimo cha wastani akifika kidato cha nne, na hapo atakuwa hana urefu wa senta wala mikono ya gadi. Mwache apandishe mpira mazoezini kama wengine.

Ili kupima kama nafasi zimeshika, puliza filimbi ghafla wakati wa mazoezi na waamuru wote wasimame walipo. Wawili wa timu moja wanaoweza kushikana mikono wakiinyoosha wako karibu mno, kwa kuwa mlinzi mmoja anaweza kuwakaba wote wawili. Umbali wa mita nne au tano kati yao unatosha kumlazimu kila mlinzi achague mtu wake. Rudia kipimo hicho mara kwa mara katika mazoezi, na ndani ya wiki chache wataanza kujisogeza wenyewe wanaposhuku kwamba filimbi inakuja.

Dalili: filimbi chini ya ringi bila kuguswa mtu

Mwamuzi anapunga mkono wenye vidole vitatu, na senta anauliza amefanya nini. Mchezaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu mfululizo ndani ya eneo la sekunde tatu la wapinzani wakati timu yake inaumiliki mpira katika nusu ya mbele, yaani ile inayoishambulia, na saa ya mchezo inatembea. Mistari ya eneo hilo ni sehemu yake, hivyo anayekanyaga mstari yumo ndani, na ili ahesabiwe ametoka lazima aweke miguu yote miwili nje.

Sababu ya kawaida ni kwamba senta anangoja pasi isiyokuja. Mfundishe kuingia, kuonyesha kiganja, kuhesabu moja na mbili kimoyomoyo, kisha kutoka upande wa pili hata kama mpira uko njiani kwa mwingine. Mfundishe pia pointi gadi kwamba mwenzake ana sekunde mbili tu za manufaa. Mpira ukisharushwa kuelekea ringini hesabu hukoma, ndiyo sababu katika vurugu ya rebaundi unaweza kuwaona wamejazana humo bila filimbi yoyote.

Dalili: faulo zinaisha mapema

Mchezaji mwenye faulo tano anatoka na harudi. Timu inapofikisha faulo nne katika robo moja kati ya robo nne za mchezo, kuanzia ya tano wapinzani hupewa mitupo huru miwili hata kama aliyefanyiwa hakuwa anarusha, isipokuwa faulo imefanywa na timu inayomiliki mpira.

Sababu ya kwanza ya faulo za wanaoanza ni kulinda kwa mikono wakati miguu imechoka au imezubaa. Mlinzi ameachwa nusu hatua, anaunyoosha mkono kuuchomoa mpira, anapata kiwiko cha mtu. Dawa yake haipatikani kwa kumwambia asiguse, bali kwa kumshusha: magoti yakunjwe, mgongo unyooke, miguu itelezeshwe pembeni bila kupishana. Mfungie mikono nyuma kwa kitambaa wakati wa mazoezi ya kulinda, naye atagundua kwamba anaweza kumzuia mtu kwa kifua na nyayo peke yake.

Sababu ya pili ni kuruka juu ya mrushaji. Kila mchezaji ana haki ya nafasi aliyoisimamia na ya anga iliyo juu yake. Mlinzi anayeruka wima, mikono ikiwa juu, amelindwa na sheria hata wakigongana. Anayeruka mbele na kumwangukia mrushaji ndiye mkosaji. Mrusho ukiingia pamoja na faulo, pointi zinahesabiwa na mtupo huru mmoja unaongezwa; usipoingia, anapewa mitupo miwili, au mitatu kama alikuwa nyuma ya mstari wa pointi tatu. Faulo ya namna hii dhidi ya mrushaji wa mbali, ambaye pengine asingefunga, ndiyo ghali kuliko zote, na nidhamu ya kutoigusa mikono yake inastahili kufundishwa mapema.

Sababu ya tatu ni skrini inayotembea. Anayeweka skrini asimame. Akiegemea au akimfuata mlinzi kwa nyonga, faulo ni yake. Namba nne wapya karibu wote hufanya hivi.

Ziko pia faulo za mdomo. Kumbishia mwamuzi kwa utovu wa adabu ni faulo ya kiufundi, na adhabu yake ni mtupo huru mmoja. Nahodha mwenye swali amwendee mpira ukiwa umesimama, aseme "Samahani mwalimu, ile ilikuwa kosa gani?" na kwa kawaida atajibiwa vizuri.

Dalili: mirusho haiingii

Kama vifaa vimeshakaguliwa, tofautisha mpira unaokosea kushoto na kulia na ule unaokosea mbele na nyuma. Unaopotea kando una tatizo la kiwiko: kiwiko kimetoka nje, na mkono wa pili, ambao kazi yake ni kuushikilia mpira tu, unausukuma kwa kidole gumba. Mchezaji arushe kwa mkono mmoja akiwa mita mbili kutoka ringini hadi mpira uzunguke kuelekea nyuma kwa unyoofu. Unaopungukiwa mbele una tatizo la magoti. Nguvu hutoka miguuni, na anayerusha kwa mikono mitupu atachoka kabla ya robo ya tatu.

Kwenye viwanja vilivyo wazi, hasa vya upande wa Raskazone, upepo nao ni mchezaji. Kusi inapovuma katikati ya mwaka, na kaskazi inapovuma kuanzia Desemba, mrusho wa juu sana kutoka mbali huyumbishwa njiani. Siku kama hiyo timu yenye busara hupunguza pointi tatu na kuutumia ubao: kisanduku kilichochorwa nyuma ya ringi, chenye upana wa sentimita 59 na kimo cha sentimita 45, ni shabaha nzuri kwa mrusho wa karibu kutoka pembeni, ambao hugonga kona yake ya juu na kutumbukia. Tena upepo ukiwa mkali, fanya mazoezi ya leyapu na pasi, uache mitupo huru kwa asubuhi yenye utulivu.

Dalili: mpira unachukuliwa bila kosa linaloonekana

Hapa mara nyingi tatizo ni saa. Timu ina sekunde nane kuvusha mpira mstari wa kati na sekunde 24 kurusha mpira ukagusa ringi. Ikiupata tena baada ya mrusho wake kugusa ringi, inapewa 14 tu. Anayerusha mpira kutoka nje ana sekunde tano, na anayeushika mpira huku mlinzi akimkaba ndani ya umbali wa mita moja naye ana tano za kutoa pasi, kurusha au kudundisha. Mahali pasipo na saa ya mashambulizi, mwamuzi asaidiwe na mtu wa mezani anayehesabu kwa sauti sekunde kumi za mwisho.

Kosa la pili la aina hii ni kurudisha mpira nyuma. Ukishavuka, timu haiwezi kuurudisha katika nusu yake na kuwa ya kwanza kuugusa huko. Mstari wa kati wenyewe ni wa nusu ya nyuma, na wengi huukanyaga wakidhani wako salama. Anayevuka huku akidundisha hajahesabiwa kuvuka hadi miguu yake yote miwili pamoja na mpira viwe mbele.

Dalili: ubishi kuhusu sheria zilizoonekana kwenye televisheni

Robo ya FIBA ni dakika kumi, ya NBA ni kumi na mbili. Faulo za kumtoa mtu ni tano kwetu na sita kwao. Mstari wao wa pointi tatu uko mita 7.24 sehemu ya mbele ya ringi. Kwao mlinzi asiyemkaba mtu hawezi kukaa chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu, kwetu anaweza. Kwao mchezaji anaweza kuomba muda wa mapumziko, kwetu ni kocha au msaidizi wake wa kwanza tu, tena kupitia mezani. Mpira wa mrusho ukishagusa ringi, kwetu mlinzi anaweza kuupangua hata ukiwa bado unazunguka juu yake.

Ubishi mkubwa zaidi, hata hivyo, huzuka pale wawili wanapoung'ang'ania mpira. Vijana hutazamia kurushiwa juu kama mwanzo wa mchezo, kwa sababu ndivyo wanavyoona NBA. Chini ya FIBA mpira hurushwa juu mara moja tu, mwanzoni. Baada ya hapo timu hupokezana kwa kufuata mshale ulioko mezani. Timu iliyokosa mpira ule wa kwanza ndiyo inayoelekezewa mshale, na mshale hugeuzwa pindi mpira uliorushwa kutoka nje kwa haki hiyo unapoguswa na mchezaji aliye ndani. Robo ya pili, ya tatu na ya nne nazo huanza kwa mshale.

Kipande cha boksi chenye mshale uliochorwa kwa kalamu nene kinatosha. Mshale ukionekana kuelekea timu isiyo sahihi baada ya mapumziko, usitafute aliyedanganya: timu hubadilishana ringi katika kipindi cha pili, na mtu wa mezani amesahau kuugeuza boksi wakati wa mapumziko ili uendelee kuielekea timu ile ile.